Mpe Baba Bidoni Ashike: mwongozo kwa kijana wa Bujumbura mwenye wazazi viziwi na mapenzi ya muziki

Mwongozo huu ni wako wewe unayesikia, uliyezaliwa na wazazi viziwi hapa Bujumbura, na ambaye muziki umekushika kiasi kwamba ukipita Buyenzi jioni unapunguza hatua kila penye redio. Huenda umekwisha kuambiwa mambo mawili, na yote mawili yanauma. Jirani anasema ni vibaya kujishughulisha na kitu ambacho mama yako hawezi kukipata. Mwalimu wa kwaya, kwa nia njema, anasema ya nyumbani yaache nyumbani, muziki utaujifunza kwa wanaosikia. Nadhani wote wawili wamekosea kwa sababu moja: wanauona muziki kuwa mali ya sikio peke yake, kwa hiyo ama umewanyima wazazi kitu, ama huna cha kugawana nao. Muziki una sehemu mbili. Mapigo, mtetemo, mwendo wa mwili na maneno ni sehemu ambayo wazazi wako wanaweza kuipokea, na mengine ya hayo ulianza kuyapata kwao. Lahani na rangi ya sauti ni sehemu ambayo kiziwi kabisa hataipokea, na hiyo ni yako bila deni. Kazi yako ni kuzijua sehemu hizi mbili kwa vitendo, uanze na ile mnayoshirikiana, kisha hii nyingine uitafutie walimu nje ya nyumba bila kuificha.

Ushahidi wa kwanza unatoka utotoni. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Laura-Ann Petitto na wenzake, waliopima mienendo ya mikono ya watoto wachanga sita, wote wenye kusikia. Watatu walilelewa na wazazi viziwi wanaotumia lugha ya alama, watatu na wazazi wanaosema kwa kinywa. Watoto wote walirusharusha mikono kama watoto wachanga wafanyavyo, kwa mapigo kama mawili na nusu hivi kwa sekunde. Lakini wale wa viziwi walikuwa na mwendo mwingine pia, wa taratibu, karibu pigo moja kwa sekunde, na waliufanya mbele ya kifua, pale ambapo alama hufanyiwa. Walikuwa wanabwabwaja kwa mikono kama mwingine anavyobwabwaja kwa kinywa. Watoto sita ni wachache, wala utafiti huo hausemi kwamba walikua wakawa wanamuziki. Unachoonyesha ni kwamba mapigo ya lugha humwingia mtoto hata kwa njia ya macho, kabla hajaijua maana ya neno lolote. Ukiambiwa kwamba nyumbani kwenu hakukuwa na muziki wa kukulea, jibu ni kwamba palikuwa na mapigo tangu siku ya kwanza, yaliyoandikwa hewani kwa mikono.

Fanya zoezi hili. Mwombe mama akusimulie kisa kwa alama, kirefu kidogo, kisa anachokipenda. Wewe keti mbele yake na kijiti, ugonge meza kila mkono wake unapotua. Usimkatize. Utagundua kwamba hatui kwa vipimo sawa: anakawiza mkono penye jambo zito, anakimbia penye vurugu, anarudia alama ileile mara tatu anapotaka uone urefu wa safari. Ukimaliza, rudia mapigo yako bila yeye kusimulia, mkono wake ukiwa juu ya meza, umwulize kama anakitambua kisa chake. Zoezi hili linampa mama nafasi ya mwalimu, na linakupa wewe kitu ambacho wapigaji wengi hukikosa, yaani kujua kuacha nafasi. Kama wazazi wako walisoma shule ya viziwi, huenda alama zao nyingi ni za ukoo wa lugha ya alama ya Marekani, iliyoenezwa Afrika na mwalimu Andrew Foster, kiziwi mwenyewe, aliyeanzisha shule katika nchi 13 za bara hili, Burundi ikiwemo, kabla ya kufariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda tarehe 3 Desemba 1987. Kama hawakusoma, mna alama zenu za nyumbani. Kwa vyovyote itabidi mtunge pamoja alama za mambo kama pigo zito, pigo jepesi, kuharakisha na kunyamaza. Waache wao ndio wazitunge. Lugha ni yao.

Mtetemo nao una mipaka yake, na ukiijua utaacha kubahatisha. Ngozi ya binadamu huhisi vizuri zaidi mitetemo ya kiasi cha 250 kwa sekunde, ambayo ni karibu na ile noti ya do iliyo katikati ya kinanda. Mitetemo ikizidi 1,000 kwa sekunde, kidole hakihisi karibu chochote. Chini ya hapo ngozi inapokea, mradi pigo liwe na nguvu. Ndiyo maana ngoma, gitaa la besi na nyuzi nene za inanga zinamfikia kiziwi, na filimbi au sauti nyembamba ya soprano hazimfikii. Ubongo nao si mvivu: mwaka 2001 Dean Shibata wa Chuo Kikuu cha Washington alionyesha kwamba kwa watu viziwi, mtetemo unaowekwa mkononi huamsha sehemu ileile ya ubongo ambayo kwa wengine hushughulika na sauti. Basi yakumbuke haya unapopanga chumba. Nyumba nyingi za mjini kwetu zina sakafu ya saruji, na saruji haibebi mtetemo kama ubao. Ukimwambia baba avue viatu asimame sebuleni wakati unapiga, atahisi kidogo sana, na atadhani ndiyo basi. Mweke mkono kwenye mti wa ngoma yenyewe, au kwenye meza ya mbao ambayo umeegemeza spika. Njia rahisi kuliko zote ni bidoni tupu la plastiki, lile la lita 20 la mafuta ya mawese, lililooshwa na kufungwa kifuniko. Baba alishike kwa viganja viwili mbele ya spika, kwenye wimbo wenye besi nzito. Kuta zake nyembamba na hewa iliyo ndani huchukua mapigo ya chini na kuyafikisha viganjani. Puto lililojazwa hewa hufanya kazi hiyohiyo, ila hupasuka.

Hapa inakuja hoja ya kupinga ambayo ni ya kweli na haifai kukwepwa. Mtu atasema kwamba huku ni kujifariji: kushika bidoni siyo kusikia, na kumwambia kiziwi kwamba naye anasikia kwa mwili ni kumdanganya. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Ngozi haitofautishi noti zilizo karibu kama sikio linavyozitofautisha, kwa hiyo wimbo mzuri na wimbo uliopotoka sauti vinaweza kuwa kitu kimoja kiganjani. Hata Evelyn Glennie, mpigaji ngoma mashuhuri wa Scotland anayepiga miguu mitupu ili ahisi mtetemo wa jukwaa, alizaliwa akisikia na uziwi ukamjia utotoni. Usimtumie kuwapima wazazi wako. Tena wapo viziwi ambao muziki hauwagusi kabisa na hawaoni wamepungukiwa na kitu, na hiyo ni haki yao. Basi usiseme, "Baba, sasa umesikia." Mwambie, "Hivi ndivyo mapigo yalivyo, bado kuna kingine ambacho sina namna ya kukuletea." Ukisema hivyo hujamdanganya, na yeye hatajilazimisha kutabasamu ili akufurahishe. Akilirudisha bidoni baada ya dakika mbili, lipokee bila kununa. Nia yako ilikuwa ajue unachokifanya, na sasa anakijua.

Nchi yetu imekupa bahati ambayo mtoto wa viziwi wa kwingine anaweza kuitamani. Muziki wetu mkubwa kuliko wote ni wa kutazamwa. Ngoma ya kifalme, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, hupigwa na watu kama kumi au zaidi, daima idadi isiyogawanyika kwa mbili, waliojipanga nusu duara. Katikati iko inkiranya, inayoongoza. Amashakwe zinashika pigo lisilokatika, na ibishikizo zinafuata kile inkiranya inachoamuru. Mbele yao watu wawili au watatu wanacheza na kuruka. Mwenye macho haambiwi tazama: kiziwi aliyesimama mahali pazuri anaona nani ameamuru, nani amefuata, nani amechelewa. Anaona imirisho, vijiti vya kupigia, ikipanda na kushuka. Ngoma yenyewe ni gogo zima la mti wa umuvugangoma lililotobolewa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na mtetemo wake humgonga kifuani aliye karibu. Kama familia inaweza kupata nauli, wapeleke wazazi Gishora karibu na Gitega, wasimame karibu na wapigaji, na kabla ya kuanza uwaeleze kwa alama majina ya ngoma hizo tatu na kazi ya kila moja. Mzazi aliyekwisha kuelewa kwamba kuna pigo lisilokatika na pigo linaloamuru anaweza kukuuliza, siku utakapojiunga na kikundi chochote, "Wewe uko upande gani?" Swali hilo linatosha kufungua mazungumzo ya miaka.

Kwa binti, mlango huo una kufuli. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 ilikataza wanawake kupiga ngoma za kimila na kuvitaka vikundi vijiandikishe wizarani. Naona ni hasara kubwa, hasa kwa binti ambaye ngoma ingekuwa lugha yake ya pili na baba yake. Lakini mapigo hayaishii penye ngoma ya kifalme. Dramu za kisasa za kanisani ni chombo kingine, na gitaa la besi, ambalo uzi wake wa chini kabisa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, linafika mkononi mwa mzazi vizuri kuliko vyombo vingi. Kama unaishi Buyenzi na familia ni ya Kiislamu, na mzazi ana shaka kuhusu vyombo vya muziki, anza na dufu na kaswida, na mtafute sheikhe anayeheshimiwa na wazazi wako muende wote, pamoja na mkalimani asiyekuwa wewe. Ukitafsiri mwenyewe mazungumzo yanayohusu matakwa yako, hata ukisema kweli tupu, watakuwa na haki ya kujiuliza ni maneno gani umeyaacha njiani.

Sasa ile sehemu ambayo ni yako peke yako. Mtoto wa nyumba yenye kusikia husahihishwa sauti bila kujua: mama anaimba akipika, mtoto anafuata, akipotoka dada anamcheka. Wewe pengine hukuwa na hilo, na si ajabu ukifika kwenye kwaya na sikio ambalo halijafanya mazoezi. Tiba yake ni kuimba na watu wengine mara nyingi, mara mbili kwa wiki kama inawezekana, katikati ya wenye sauti thabiti. Kwaya za parokia na makanisa ziko karibu kila mtaa, na Kamenge kiko Kituo cha Vijana kinachowakutanisha vijana wa mitaa ya kaskazini tangu miaka ya 1990. Jirekodi kwa simu, usikilize siku ya pili, si palepale. Ukitaka kujua jinsi sikio linavyohitaji kufundishwa, tafuta rekodi za inanga ya kunong'ona, sanaa ya Burundi ambayo mtafiti Cornelia Fales aliiandikia kwa kirefu. Mwimbaji hanyanyui sauti, ananong'ona tu, na mnong'ono hauna noti; noti zinatoka kwenye nyuzi. Lakini msikilizaji anaapa kwamba mtu yule anaimba lahani, kwa kuwa ubongo wake umeunganisha pumzi ya mdomo na sauti ya uzi. Maana yake ni kwamba hata mwenye masikio mazima sehemu ya muziki anajitengenezea mwenyewe kichwani. Kusikia ni ufundi, na ufundi hujifunzwa.

Wazazi hawana budi kuachwa nje ya mafunzo hayo? Hapana, na hapa simu inasaidia. Programu za kukazia nyuzi huonyesha mshale unaosogea kushoto sauti ikiwa chini na kulia ikiwa juu. Mama anaweza kuishika simu mbele yako na kukuonyesha kwa kidole kila unapopotoka. Programu za kuhesabu mapigo nyingi zina taa inayowaka kila pigo. Baba anaweza kuitazama taa na mkono wako kwa pamoja, na atakukamata ukichelewa upesi kuliko mjomba anayesikia, kwa sababu macho yake yamezoea kazi hiyo maisha yake yote. Jambo moja usiwaachie wao, nalo ni ukubwa wa sauti. Katika nyumba ambayo hakuna anayekuja kusema punguza, ni rahisi kuzoea spika inayoumiza. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3 tu muda huo unakatika nusu. Ukitoka mazoezini masikio yanavuma, umepitiliza. Na kwa vile nyumba zetu zimegusana ukuta kwa ukuta, ruhusa ya kufanya mazoezi usiku hutaiomba kwa wazazi, ambao hawasumbuki, utaiomba kwa majirani. Wapitie mwenyewe, mkubaliane saa, uzishike. Ukifanya ukaidi watakaolaumiwa ni wazazi, na tena kwa maneno ambayo hawatayasikia ila watayaona usoni mwa watu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la muda. Wewe ndiye mdomo na sikio la nyumba: hospitali, komini, soko la Ruvumera, mwenye nyumba akija kudai kodi. Watu watakuambia kwamba saa moja ya mazoezi ni saa moja umewaacha wazazi bila msemaji. Wengine watakutajia ile filamu ya Marekani ya CODA, iliyopata tuzo kuu ya Oscar mwaka 2022, ambamo binti wa wavuvi viziwi anatakiwa kuchagua kati ya mashua ya familia na chuo cha muziki. Filamu hiyo imewafungua wengi macho, lakini usiifanye ramani yako. Inaliweka jambo kama njia panda, kwenda au kubaki, wakati hapa kwetu wengi hawana chuo cha kukimbilia, na swali lao ni la Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni. Hilo linapangika. Keti na wazazi muandike ni kazi zipi za ukalimani haziwezi kungoja, kama ugonjwa na mambo ya polisi, na zipi zinaweza. Bei ya sokoni huandikwa kwenye simu au kwenye karatasi. Mazungumzo na mwalimu wa mdogo wako yanaweza kuanza kwa ujumbe wa maandishi kama mzazi anasoma. Mfundishe mdogo wako na jirani mmoja alama hamsini za kazi. Chama cha viziwi kinaweza kuwajua wakalimani wengine. Kupunguza ukalimani hakumaanishi kuwatupa wazazi. Mzazi ambaye mambo yake yote hupitia kinywa cha mtoto mmoja yuko hatarini siku mtoto huyo anapougua au anapoolewa, muziki uwepo usiwepo. Zile saa mbili za kwaya zinailazimisha familia kujenga kile ambacho ingepaswa kuwa nacho zamani.

Na mkate? Ni kweli kwamba wachache mno mjini kwetu wanaishi kwa muziki peke yake. Mwimbaji Kidum alianza kwa kupiga ngoma hapa, lakini jina kubwa alilipata Nairobi, alikokuwa mkimbizi. Usiwaahidi wazazi fedha ili wakubali. Waeleze gharama kama zilivyo, faranga za nauli na za nyuzi, na mkubaliane kwamba masomo hayaguswi. Kisha wape kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuwafanyia: kuwa waamuzi wa maneno. Kabla hujaimba wimbo popote, utafsiri wote kwa alama mbele yao, beti kwa beti. Tafsiri hiyo itakuonyesha beti ambazo hazisemi kitu, maana neno tupu halina alama. Wakikataa wimbo kwa ajili ya maneno yake, wamekataa wakijua, na mnaweza kubishana kama familia yoyote nyingine.

Siku ya kuonekana mbele za watu, fika mapema ukawachagulie mahali. Wakae mbele, upande wa spika ya besi, wakiiona mikono yako yote miwili na uso wa anayeongoza. Angalia mwanga, sherehe nyingi huanza jioni, na saa kumi na mbili na nusu giza limekwisha kuingia, na kiziwi gizani ametengwa kabisa. Tafuta mtu wa kuwatafsiria, kwa kuwa mikono yako siku hiyo ina kazi nyingine. Mpe maneno ya nyimbo siku tatu kabla, na mwombe awaambie pia yale ambayo hayamo kwenye wimbo: kwamba watu wamecheka, kwamba mzee wa nyuma ameinuka, kwamba umeme umeyumba. Wajulishe wenzako kwamba viziwi hupongeza kwa kuinua mikono na kuitikisa hewani, ili wapiga makofi wajue nao kufanya hivyo. Mkirudi nyumbani usiwaulize wazazi kama ilikuwa nzuri. Waulize wameona nini, na ungoje. Mama akisema mabega yako yalikuwa yamepanda tangu mwanzo mpaka mwisho, mwamini: mabega yaliyopanda hubana pumzi, na pumzi iliyobanwa huharibu noti ya mwisho wa mstari, ile ileile ambayo mwalimu wa kwaya atakusahihisha Jumanne.